Jina la Jotham, Damu ya Godwin

Jumamosi ile watu wa utafiti walipokuja kuchukua damu za akina baba pale zahanati, jina la Jotham Mwaijande liliitwa, na mtu akaitika, "Nipo!" Lakini aliyeitika hakuwa Jotham. Alikuwa Godwin, mdogo wake wa tumbo moja. Akakunja mkono wa shati, akageuza uso ukutani asione sindano, damu ikatoka, na kwenye kichupa wakaandika: Jotham.

Sasa msimwone Godwin mwongo. Kwetu huku Lupepo mambo ndivyo yanavyokwenda. Siku ya msaragambo, labda tunachimba mtaro wa bomba, labda tunaziba mashimo ya barabara, mtendaji anasoma majina. Kama mwenye jina anaumwa, au ng'ombe wake anazaa, anakuja mdogo wake, anaitika, anachimba, na nyumba hiyo haitozwi faini. Mtendaji mwenyewe anajua na anakaa kimya. Yeye anataka jembe, sura ya nini? Basi Jotham akaona na damu ni hivyohivyo. Nyumba imeitwa, nyumba imekwenda.

"Wanataka damu ya baba wa mtoto," alimwambia Godwin asubuhi ile. "Mimi nina chai imezidi shambani, itakomaa. Nenda wewe. Damu yetu si moja?"

"Wanatoa soda?"

"Soda na mkate."

"Basi hata debe wachukue."

Chai haikuwa imezidi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, majani yapo ya kawaida tu. Jotham aliogopa. Na hakuogopa sindano, maana huyu ni mtu aliyewahi kung'olewa jino na koleo bila ganzi. Aliogopa kile ambacho damu ingesema, akaona afadhali mkono utakaonyooshwa usiwe wake.

Mtoto wao Lutufyo, mwenye miaka sita, alikuwa na ule ugonjwa wa selimundu. Macho ya njano kama ndizi iliyoiva, vidole vinavimba, na baridi ikimpata mifupa inamuuma mpaka anakosa sauti ya kulia. Watu wa utafiti walikuwa wanazunguka Rungwe nzima kutafuta kwa nini ugonjwa ule unamtesa mtoto huyu sana na yule kidogo, na unatokaje kwa wazazi. Akina mama na watoto waliitwa Jumanne, akina baba wakapangiwa Jumamosi. Kwa hiyo Tulinagwe, mke wa Jotham, alitoa damu yake na ya mtoto siku yake, na ya Jumamosi hakuyaona. Alichojua ni kwamba mume wake alitoka asubuhi na kurudi jioni.

*

Ubaya wote ulikuwa kwa mtu mmoja anaitwa Ambindwile. Huyu ndiye anashika mizani kwenye banda la kupimia chai. Zamani, kabla ya Jotham, alipeleka mshenga kwa baba yake Tulinagwe kule Mpuguso, wakamwambia binti bado mdogo. Miaka miwili baadaye akapeleka Jotham, wakaona binti amekua. Hayo tu. Hakuna kingine kilichokuwepo, na mimi nawaambia wazi tangu mapema msije mkahangaika kutafuta. Ambindwile alioa mke wake, ana watoto wake watatu, amenenepa.

Lakini wivu jamani haulishwi chakula kingi. Unakula makombo na unanenepa.

"Mama Lutufyo, kilo ishirini na mbili," Ambindwile angesema, anaandika. "Leo vidole vimekimbia!"

Jotham yuko nyuma kwenye mstari, kikapu mgongoni, anasikia. Wakifika nyumbani:

"Vidole vyako amevijulia wapi yule?"

"Vya nani havijui? Si anatuona wote tunamwaga majani?"

"Mimi vidole vyangu mbona havisemi?"

"Wewe una kilo kumi na nne, baba Lutufyo. Aseme nini?"

Tulinagwe alikuwa anatania. Jotham alicheka kwa mdomo, moyoni akaweka akiba. Na kwenye akiba hiyo kulikuwa na kitu kingine kizito zaidi: dada yake Ambindwile alikuwa na mtoto aliyekufa na ugonjwa huohuo. Watu wote walimzika. Jotham alichimba kaburi. Tangu Lutufyo alipoanza kuvimba vidole, alikuwa akimwangalia mtoto usingizini, halafu anakumbuka lile kaburi, halafu anakumbuka mizani.

*

Jumamosi ile Godwin alirudi amefurahi, nusu mkate kwapani.

"Yule dada nesi, Lilian, anajua kufundisha," akasema, amekaa kwenye kinu uani kwake, Jotham amempitia akitoka shambani. "Alikuwa na makopo mawili, la baba na la mama. Kila kopo lina maharage mawili. Mtoto anachukua moja huku na moja kule. Akipata jeusi huku na jeusi kule, ndiyo anaumwa. Akipata jeusi moja na jeupe moja, haumwi, ila analibeba, naye atawagawia watoto wake."

"Kwa hiyo ni lazima jeusi litoke pande zote mbili?"

"Lazima. Moja la baba, moja la mama. Alirudia mara tatu."

"Halafu akasema nini?"

"Halafu soda zikaja."

Lilian aliendelea kusema. Alieleza kwamba watoto wa tumbo moja hawachukui harage lilelile, kila mmoja anatia mkono kwenye kopo kivyake na kutoa la kwake, kwa hiyo kaka anaweza kulibeba jeusi na mdogo wake asilibebe. Lakini wakati huo Godwin alikuwa anafungua soda ya jirani kwa meno.

*

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, kila mtu na bahasha yake imefungwa. Lilian aliwaambia: kila mtu asome ya kwake, na kama kuna kitu hamkielewi, namba yangu iko chini, nipigieni, msikae nacho.

Tulinagwe alifungua ya kwake jikoni, ndizi zinachemka. Imeandikwa: mbebaji. Hakushtuka, alishafundishwa. Jotham alifungua ya kwake amesimama mlangoni. Akaisoma mara ya kwanza. Akasoma tena kwa kidole. Imeandikwa: hana.

"Yako inasemaje?" Tulinagwe akauliza.

Akampa.

Tulinagwe akasoma, akaangalia nyuma ya karatasi kama kuna maneno mengine. "Wamekosea," akasema. "Haiwezekani. Mtoto anaumwa, lazima na wewe unalo. Wamechanganya vichupa. Tumpigie dada Lilian."

"Hujaulizwa kama wamekosea."

"Baba Lutufyo, twende ukapimwe tena. Kesho tu, tukatoe damu tena."

Hapo ndipo palikuwa na mlango. Angesema neno moja tu, kwamba hakwenda, alikwenda Godwin, yote yangeishia kwenye moshi wa jikoni pale. Neno lilimfika kwenye ulimi. Lakini aliamini kweli kwamba damu ya ndugu ni moja, harage alilokosa Godwin na yeye kalikosa. Tena kuna jambo jingine baya zaidi. Miaka sita mtu huyu ana wivu usio na ushahidi, anaulea gizani, anauonea haya. Leo umepata karatasi yenye muhuri. Hakutaka kuiharibu karatasi ile. Akazikunja zote mbili, ya mke na ya kwake, akaziweka mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Ambindwile ukoo wao unao," akasema.

Tulinagwe alikaa chini kwenye kigoda. Ndizi zikaungua na hakuna aliyeziepua.

*

Mama yao, bibi Atupakisye, aliitwa kutoka nyumba ya pili asikilize. Alisikiliza huku anamenya gimbi, hakuinua macho.

"Sisi ugonjwa huo hatuna," akasema. "Baba yenu hakuwa nao. Mimi sina. Sasa watu waangalie umetokea wapi."

"Mama," Tulinagwe akasema, "na kwenu Kyela? Dada Lilian alisema kule chini kwenye mbu wengi ndiko watu wengi wanakolibeba. Alisema ni jambo la zamani, harage moja linamkinga mtu na malaria."

"Kyela kwetu tulikuwa watu wazima na afya zetu!"

Bibi alisema hivyo kwa sauti, na kisu kikasimama kidogo kwenye gimbi. Maana alikuwa na mdogo wake kule Kyela, anaitwa Lutengano, macho ya njano, miguu imevimba, alikufa kabla hajaota meno ya ukubwa. Wazee walisema karogwa na jirani, jirani akahama. Bibi alimwona mdogo wake vizuri kabisa siku ile, kama amekaa pale kizingitini. Akamfukuza kwa kuendelea kumenya.

"Nenda kwenu ukapumzike kidogo," Jotham alimwambia mke wake. Ndivyo alivyosema, ukapumzike, kama vile anamhurumia.

"Nipumzike nini? Nimechoka na nini?"

"Mpaka tuongee na wazee."

Alifunga nguo zake kwenye kitenge na za mtoto kwenye mfuko wa mbolea. Bibi Atupakisye akasimama mlangoni kuangalia kinachotoka. Alipoona blanketi zito, lile la manyoya ambalo Lutufyo alikuwa analalia, akalivuta.

"Hili ni la nyumba."

"Mama, mtoto huyu baridi ndiyo inamuua. Unajua."

"Kwa baba yako hawajifuniki?"

Tulinagwe alimtazama Jotham. Jotham akatazama migomba. Basi blanketi likabaki. Lutufyo yeye alikuwa anafurahi kwenda kwa babu, alimuuliza baba yake, "Na wewe utakuja na Godwin au peke yako?" Jotham akamwambia nenda, mama yako anakusubiri. Hakumwita mwanangu. Siku zote alikuwa akimwita mwanangu, hata akimgombeza.

*

Jotham sasa akawa anakwenda peke yake kwenye banda la chai. Watu walishajua kwamba mke kaondoka, sababu hawajui, na asiyejua sababu anatengeneza ya kwake. Ambindwile akaning'iniza kikapu cha Jotham kwenye mizani.

"Kumi na tatu."

"Pima vizuri."

"Angalia mwenyewe mshale."

"Kilo zangu nyingine unampelekea nani?"

Ambindwile akaweka kalamu sikioni. "Sijakuelewa, bwana Jotham."

"Umenielewa. Wengine unawapimia kwa mkono mwepesi. Wengine unawapimia hata wakiwa hawana kikapu."

Mama mmoja mnene anaitwa Jenifer, ambaye Mungu alimnyima breki ya mdomo, akapiga kelele kutoka nyuma: "Jotham, majani hayana baba! Mwaga utupishe, mvua inakuja!"

Wakacheka, wanawake kwa wanaume, mpaka vikapu vinatikisika migongoni. Jotham akahisi masikio yanawaka. Ambindwile hakucheka.

"Mimi napima chai," akasema taratibu. "Mengine sipimi. Kama una neno, njoo nyumbani kwangu mchana, mke wangu akiwepo, uliseme."

Jotham hakwenda. Mwenye wivu haendi kunakojibiwa. Alirudi nyumbani, akala ndizi zake za mbalaga za jana, zimepoa, akatoa ile karatasi, akaisoma. Ikawa kila siku anaisoma. Mikunjo ikaanza kuchanika.

*

Wiki ya nne, mwezi wa sita, ile baridi ya Tukuyu inayoingia mpaka kwenye kucha, Godwin alikuja anakimbia kutoka barabarani.

"Kaka! Lutufyo yuko hospitali mjini. Damu imekwisha mwilini. Hali mbaya."

"Nani kasema?"

"Wamepiga simu kwa mama Jenifer. Toka alfajiri yuko kule. Ambindwile ndiye aliyempeleka, na pikipiki yake."

Ambindwile kwao ni Mpuguso, jirani na baba yake Tulinagwe, na asubuhi ile alikuwa anatoka kuja kazini, akakuta mama yuko barabarani amembeba mtoto kwenye mvua. Nani angempita? Lakini Jotham hakusikia habari ya mvua. Alisikia jina. Na sijui hata yeye mwenyewe angeweza kusema mguu upi ulimwondoa pale, mguu wa mtoto au mguu wa Ambindwile. Akatoka na kandambili. Godwin akamfuata, wakapata bodaboda wakapanda wote wawili.

Njiani, upepo unawapiga usoni, Godwin akamuuliza sikioni, "Kaka, hivi shemeji aliondoka kwa kosa gani?"

Jotham akatoa karatasi mfukoni, akampa nyuma bila kugeuka. Godwin akaisoma huku ameishika kwa mikono miwili isipeperuke.

"Kaka. Lakini hii ni damu yangu."

"Yako si ndiyo yangu?"

Walipofika kwenye lami Godwin akamrudishia karatasi.

"Sijui," akasema. "Mimi nilifuata soda."

*

Wodini, Lutufyo alikuwa amelala kama kitambaa. Midomo imepauka, na mkononi mrija unashusha damu, tone, tone. Tulinagwe amekaa pembeni amemshika miguu. Nje, kwenye benchi la korido, Ambindwile ameegemea ukuta, mkono ameukunja na pamba iko kwenye kiwiko. Jotham aliona pamba ile kabla ya kitu kingine chochote. Akaelewa. Damu inayoingia kwa mtoto ni ya yule pale.

Miaka sita amemwota, na leo Ambindwile ameingia kweli kwenye mwili wa mtoto, mchana kweupe, na manesi wanasimamia.

"Umefuata nini?" Tulinagwe akamuuliza bila salamu.

"Nimemfuata mwanangu."

"Amekuwa wako tangu saa ngapi?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza shingo. Godwin akaangalia viatu vyake.

Lilian alikuwepo, maana watoto wale wa utafiti wakilazwa yeye huja kuwaona. Akaeleza kwamba chupa ya kwanza haitatosha, mtoto anahitaji ya pili, na kwenye akiba kundi lake limekwisha. Mama yake ametaka kutoa, hafai kwa sababu ni mbebaji. Babu amezeeka. Wanatafuta mtu.

"Mimi," Jotham akasema, akaanza kukunja shati palepale. "Toeni yangu. Mimi ndiye baba. Toeni hata yote, kwa nini mchukue za watu?"

Huruma ilikuwepo ndani ya maneno yale, siikatai. Lakini wivu nao ulikuwepo, ulikuwa mbele umeshika taa. Akaenda maabara anatembea haraka, akapita mbele ya benchi la Ambindwile kifua mbele. Wakamtoboa kidole, wakamtoa na damu kidogo ya mshipani, wakamwambia asubiri. Akarudi wodini akasimama upande wa pili wa kitanda, mkono wa shati bado umekunjwa.

Lilian alirudi baada ya muda ana karatasi. "Baba Lutufyo, njoo tuongee nje."

"Sema hapahapa. Mimi sina la kuficha."

"Ni mambo yako mwenyewe, ni vizuri tukatoka."

"Nimesema sema."

Lilian akamwangalia Tulinagwe, akamwangalia tena Jotham. "Damu yako hatuwezi kumpa mtoto."

"Kundi halikubali?"

"Kundi linakubali. Lakini wewe ni mbebaji, kama mama yake. Mtoto huyu tunampa damu ya mtu asiyebeba."

"Mimi? Mimi sibebi. Karatasi yenu wenyewe hii!" Akafungua kifungo cha mfuko, akaitoa, imechakaa kama noti ya zamani. "Soma. Hana. Muhuri wenu."

Lilian akaisoma, akageuza, akasoma namba. Akakunja uso. "Hii damu ni ya nani?"

Godwin akasogea hatua moja mbele. 

"Ni yangu, dada," Godwin akasema. "Aliniambia nikaitike. Damu ya ndugu tukajua ni moja."

"Hivi siku ile sikusema?" Lilian akauliza. Hakukasirika, alichoka tu. "Kila mtoto anatia mkono kwenye kopo peke yake. Wewe Godwin umetoa jeupe, kaka yako kapata jeusi. Angalieni hata yule bwana aliyeko nje. Mwenyewe ameniruhusu niseme: dada yake alizika mtoto kwa ugonjwa huu. Lakini tulipompima yeye, hana. Ndiyo maana damu yake inafaa."

Jotham akashika chuma cha kitanda. Vitu viwili alivyokuwa amejengea nyumba yake ya wivu, karatasi na ukoo wa Ambindwile, vilianguka vyote kwa pumzi moja ya nesi. Na katikati ya aibu ile, mtaniamini au hamtaniamini, furaha ikamchoma. Wameikataa damu yake kwa sababu jeusi analo! Akamgeukia mke wake uso unawaka.

"Unaona? Ni wangu. Wamesema ni wangu."

"Hapana," Lilian akasema. "Hicho sikusema. Nimesema ugonjwa unaweza kuwa umetoka kwako. Mtoto ni wa nani hatukupima, na si kazi tuliyokuja kufanya. Hilo mnalijua ninyi."

Uso wa Jotham ukazima. Hata sasa hakuwa na karatasi. Hakuna karatasi ambayo ingekuja kumaliza jambo lile. Kulikuwa na Tulinagwe tu, amekaa pale, na neno lake.

Tulinagwe hakulia. Alimuuliza Godwin, "Shemeji, wewe ndiye uliyechomwa sindano?"

"Ni mimi, shemeji. Wallahi sikujua kama ndiyo hiyo iliyokutoa nyumbani. Ningekuja siku ileile."

"Najua." Akamgeukia Jotham. "Wiki nne nimelala kwa baba yangu na mtoto mgonjwa, bila blanketi, watu wananiuliza nimefanya nini, sina la kujibu. Kumbe kwa damu ya Godwin. Na wewe ulikuwa unajua ni ya Godwin."

"Mama Lutufyo, niliamini..."

"Ulijua nilipokwambia twende ukapimwe. Ulikuwa umesimama mlangoni, mimi nakuomba, na unajua."

Godwin ndiye aliyetoa sauti, amenyoosha mkono kama mwanafunzi. "Dada Lilian, na mimi je? Si nilishaonekana sina? Hiyo chupa ya pili."

Lilian akatabasamu kidogo, mara ya kwanza siku ile. "Tutapima upya kila kitu. Na safari hii unaandika jina lako."

"Godwin Mwaijande," akasema, tayari anakunja shati. "Hata bila soda."

*

Damu ya Godwin ilikubali. Jua lilipogeukia upande wa pili, chupa ya pili ilikuwa imetundikwa na Lutufyo amefungua macho. Akaomba uji. Akanywa vijiko vitatu, akalala tena, lakini usingizi wa sasa ulikuwa wa mtu anayepumzika.

Jotham alikuwa bado amesimama palepale. Hakuna aliyemwambia kaa.

"Akiruhusiwa turudi nyumbani," akasema polepole. "Nitaongea na mama. Blanketi nitalileta leo."

"Blanketi lete," Tulinagwe akasema. "La kurudi sijui. Nitasema mwenyewe siku nitakayotaka, kwa mdomo wangu, na usimtume mtu kuniuliza. Njoo mwenyewe."

"Nitakuja."

"Halafu kuna mtu pale nje ametoa damu toka asubuhi, tumbo tupu. Mtu wa nyumba yako hata mmoja hajamwambia ndaga, asante tu."

"Huyo..."

"Huyo."

Jotham akaangalia mlango. Kutoka kitandani mpaka kwenye benchi hakuzidi hatua kumi na tano, na kwake zilikuwa kama kupanda mlima Rungwe na gunia la viazi. Akaenda. Ambindwile aliinua uso akamwona anakuja, akakaa vizuri kidogo, kama mtu anayejiandaa kupigwa.

"Mtoto?" akauliza.

"Kanywa uji."

"Mungu mkubwa."

Nesi alipita na sahani, akawazunguka. Jotham akajikohoza. Neno lenyewe ni fupi, kwetu mtu analisema mara ishirini kwa siku, hata kwa kupewa njia.

"Ndaga," akasema. Halafu, kwa kuwa aliona ni dogo, "Ndaga fijo, ndugu yangu. Na yale ya kwenye mizani."

Ambindwile hakusema yamekwisha. Alitikisa kichwa tu kuonyesha amesikia, akashika ukuta akasimama aende zake. Miguu ikamkataa. Macho yakamzunguka, akayumba kuelekea sakafuni, na Jotham akamdaka kiunoni kwa mikono miwili.

"Niache, nitakaa hapa tu."

"Egemea. Ng'ambo pale kuna mama anauza supu."

Wakatoka hivyo kwenye korido, mwenye mizani amelalia bega la Jotham, watu wa Lupepo waliokuja kuona wagonjwa wao wanapisha njia na kukodoa macho. Wivu haukuwa umemtoka, msije mkadanganywa na mtu. Ulikuwa humohumo, alikuwa anausikia kifuani, na kichwa cha yule mtu kilikuwa kizito begani pake. Akamkaza vizuri asianguke, wakashuka ngazi, moja, nyingine, taratibu.